Swali Ambalo Mikono Yangu Haikuuliza

Niliwaacha pale mikono yangu ilipogoma.

Kwa ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimpita: mimi ni mkalimani wa lugha ya alama katika hospitali moja kubwa. Daktari akisema, mikono yangu inamfikishia kiziwi. Kiziwi akijibu kwa mikono, mdomo wangu unamfikishia daktari. Kazi hii hufanywa na watu wawili wanaopokezana kila baada ya dakika ishirini, maana kichwa kinachopokea lugha moja na kutoa nyingine papo hapo huchemka kama injini. Mimi niliifanya peke yangu kwa miaka miwili, tangu nilipotoka chuoni. Kliniki zote, wodi zote, chumba cha uzazi mpaka chumba cha maiti.

Ile Jumatatu mchana, katikati ya kliniki ya macho, mikono yangu ililala mapajani ikakataa kuinuka. Nikarudishwa nyumbani na karatasi: apumzike siku thelathini.

Kuna jambo sikulitaja wiki iliyopita. Nilijiambia ni kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Si kweli.

Siku tatu za kwanza nililala kama gogo, na kila nilipoamka nilikuwa nimechoka kuliko nilivyolala.

Mama alininyang'anya simu siku ile ile ya kwanza, akaifungia kabatini pamoja na shuka za wageni.

"Wakinitafuta kazini?"

"Watakukosa."

"Mama, kuna wagonjwa kule."

"Na huyu aliyelala hapa ni nani?"

Nikageukia ukutani.

Siku ya nne shangazi alikuja kunijulia hali. Alinikuta nimejilaza kwenye mkeka sebuleni, akanizunguka kama mtu anayekagua gari la mtumba.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi mahali, shangazi. Nimechoka."

"Umechoka." Akamgeukia mama. "Wifi, mwanao amechoka."

"Daktari ndiye aliyesema," mama akajibu.

"Mimi nimechoka tangu nilipozaa kifungua mimba wangu. Mbona sijapewa karatasi?"

"Hukuomba."

"Inaombwa wapi? Au waache, wamwandikie mume wangu. Siku thelathini akae mbali, mimi nitapona bila dawa."

Mama akacheka. Nikacheka na mimi, kisha nikashangaa uso wangu umelowa. Kicheko kilikuwa kimegeuka kilio bila kuniaga.

 Shangazi aliketi chini, akanyoosha miguu, akaivuta mikono yangu mapajani mwake na kuanza kuikanda kidole kimoja kimoja.

"Migumu hivi kama ya mvunja kokoto," alisema taratibu. "Lala, mwanangu. Mdomo wangu huu usiusikilize."

Niseme ukweli, kilichoniuma zaidi siku zile si uchovu. Ni kwamba hakuna aliyekuja kugonga mlango kusema hospitali imesimama. Kwenye barua yangu ya kuomba kazi niliandika kwamba nataka asiwepo kiziwi hata mmoja atakayetoka kwa daktari bila kuelewa na kueleweka. Niliiamini kila herufi, na bado naiamini. Lakini mahali fulani njiani niliacha kuipenda kazi nikaanza kujipenda mimi ninayeifanya. Kila Ratiba aliponiuliza kama niko sawa, nilisema niko sawa. Ratiba ni msimamizi wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hatembei bila karatasi ya zamu mkononi, hata msalani anaingia nayo.

Mara tatu aliniambia, "Chukua likizo." Mara tatu nilimuuliza, "Nani atabaki?" Yeye akakuna kichwa, mimi nikajiona shujaa.

Siku ya nane ndipo nilipopumzika.

Mnielewe. Kwa miaka miwili, kila kilichoingia masikioni mwangu vidole vilikitafsiri. Taarifa ya habari, ugomvi wa majirani, mama akiita niondoe nguo kwenye kamba. Vidole vilichezacheza vyenyewe, hata usingizini. Asubuhi ya siku ya nane mama alisimama mlangoni akanisimulia jinsi muuza mkaa alivyomjibu vibaya, kisa kirefu chenye watu sita. Alipomaliza nikatazama mikono yangu. Ilikuwa imetulia juu ya shuka. Haikuwa imetafsiri hata neno moja.

"Unatabasamu nini?" mama aliuliza. "Nimetukanwa mimi."

"Endelea, mama. Akasemaje tena?"

Nilikula sahani mbili siku ile. Kesho yake nilifagia ua bila kuambiwa. Nikaanza kuamini kwamba nitarudi kuwa mtu.

Siku ya kumi akaja Pindo.

Viziwi wana desturi ya kumpa kila mtu jina la alama. Lake ni dole gumba na kidole cha shahada vinavyosuguana, kama mtu anayepima kitambaa, kwa sababu yeye ni fundi cherehani na hawezi kusalimiana nawe bila kushika pindo la nguo yako aone limeshonwaje. Ndiyo maana mdomoni namwita Pindo. Amenizidi miaka kumi. Ndiye aliyenifundisha alama zote ambazo chuoni hawazifundishi, za matusi zikiwemo.

Alinikumbatia, akanisogeza nuruni, akanikagua.

"Umekonda," alisema kwa mikono.

"Nimenenepa, dada. Muulize mama."

"Mama yako nikimuuliza atanijibu nini? Tunachekeana tu sisi." Akafungua mfuko wake na kutoa gauni la kulalia alilolishona mwenyewe, lenye mifuko miwili mikubwa mbele. "Mifuko hiyo ni ya mikono yako. Ilale humo. Mtu akikusemesha, usiitoe."

Mama alileta chai, wakachekeana kweli, akatuacha.

Pindo akasogeza kiti karibu. Akatazama mlangoni, kana kwamba kuna anayeweza kusikia mikono. Kisha akaweka kiganja chini ya kitovu na kuchora ule mviringo mdogo ambao haukuhitaji mkalimani.

"Miezi miwili na nusu," alisema. "Nimepima mara mbili. Anajua mume wangu, na sasa wewe."

Nilimrukia shingoni. Nyinyi hamjui. Pindo ameolewa miaka sita. Amepoteza mimba mbili, na zote mbili mimi ndiye niliyesimama kando ya kitanda nikimtafsiria daktari anayesema pole. Nilijua vizuri hicho kiganja kimebeba nini.

"Mungu amenikumbuka mara mbili," aliendelea huku anacheka. "Tazama na ngozi yangu. Vile vidonge vya Jumatatu ile vimenisafisha. Siku kumi tu na mikwaruzo yote imekauka."

Akanyoosha mkono nione. Ni kweli, ngozi ilikuwa inapona.

Vidonge.

Turudi nyuma kidogo, Jumatatu ile asubuhi, saa chache kabla mikono haijagoma. Kliniki ya ngozi. Pindo kwenye kiti, mimi nimesimama begani mwa daktari, sijaketi tangu alfajiri. Daktari anaongea huku anaandika. Ghafla kichwa changu kikazima, kama nyumba umeme unapokatika. Si muda mrefu. Sentensi moja, labda mbili. Kilipowaka, daktari alikuwa ameinua uso anasubiri jibu.

Sheria ya kazi yetu katika hali hiyo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Unasema: samahani daktari, imenipita, rudia. Maneno manne.

Sikuyasema. Nilikuwa nimeshayasema mara mbili asubuhi ile na mara ya pili daktari alikuwa amevuta pumzi ile ya mtu anayevumilia. Nikaona aibu. Nikakisia. Mwisho wa mazungumzo madaktari wote huuliza jambo lile lile, basi mikono yangu ikamuuliza Pindo: una swali lolote?

Pindo akatikisa kichwa. Hana.

Daktari akaweka alama ya vema kwenye kijisanduku, akakunja faili, tukatoka.

Siku kumi nilikuwa sijakikumbuka kile kijisanduku. Sasa, na kichwa kilichopumzika, nilikiona kama kiko mbele yangu. Nikajiuliza, ni daktari gani anayeweka alama ya vema kwa sababu mgonjwa hana swali?

Na sauti yake ikanirudia. Masikio yalikuwa yamesikia wakati ule, ni mimi tu niliyekuwa sipo: "Vidonge hivi ni vikali. Huna ujauzito, sivyo?"

"Vipi?" Pindo aliuliza. "Rangi imekutoka."

"Leo umemeza?"

"Kimoja, kama kila asubuhi. Kwa nini?"

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, hakuna faili wala bosi. Badala yake mikono yangu ikasema, "Usimeze tena mpaka tumuone daktari. Mwenye mimba lazima aulize kuhusu kila dawa. Twende sasa hivi."

"Uko kwenye mapumziko."

"Nitakusindikiza tu."

Akaniamini. Hata hakuuliza mara ya pili.

Mama alikuwa uani. Nilijaribu kupita haraka.

"Wapi?"

"Tunanyoosha miguu, mama."

Akanitazama chini. "Na viatu vya kazini?"



"Nimekulisha siku kumi kama kifaranga," alisema bila kupandisha sauti. "Juzi ndiyo nimeanza kukuona mwanangu machoni. Sasa unairudia ile ile."

"Nimekosea jambo kule, mama. Lazima nikalitengeneze."

Alivitazama tena viatu vyangu. Kisha akasogea pembeni, akatupisha.

Hospitali ilikuwa vile vile. Mabenchi yale yale, harufu ya dawa ya sakafu, watu wamekumbatia vyeti vyao. Ratiba aliniona kabla sijafika kwenye kona, akaja na karatasi yake.

"Wewe si wa kwetu mpaka mwezi ujao."

"Nina dakika chache tu, bosi. Kliniki ya ngozi."

"Jina lako halimo."

"Nani mwingine yumo?"

Akatazama karatasi kana kwamba huenda pameota jina tangu asubuhi. "Hakuna," alisema. Naye nilimwona amechoka. Kola yake ilikuwa imegeuka ndani nje na hakuna aliyemwambia. "Hakuna mtu, na ndiyo maana ulizidiwa. Nikikuruhusu uguse kazi leo, wakubwa watasema ile karatasi ilikuwa mchezo. Mkalimani wa pili niliyekuwa nakutafutia wanamfuta. Watasema mbona mmoja anatosha. Unanielewa? Kupumzika kwako ndiyo hoja yangu."

Sikujua kama alikuwa ananipigania. Moyo ukanipasuka vipande viwili.

"Ni dharura," nilisema. "Ana mimba na anameza dawa isiyofaa."

Angeniuliza nimejuaje, nadhani ningemweleza. Hakuuliza. Alimtazama Pindo, akakunja karatasi, akatufungulia njia.

Daktari wa ngozi alikuwa na wagonjwa kumi na tisa mlangoni. Alituingiza kwa kuwa nilimwambia muuguzi neno moja tu: mimba.

Kabla ya yote mwelewe jinsi tunavyofanya. Mkalimani hasemi "anasema hivi." Kiziwi akisema "mimi," mdomo wangu unasema "mimi." Mle ndani mimi sina mimi yangu. Nimekopeshwa sauti za watu.

"Nina mimba ya miezi miwili na nusu," nilisema, kwa niaba ya Pindo.

Kalamu ya daktari ikasimama. "Vidonge amemeza vingapi?"

"Kumi."

Akavuta faili, akafungua, akaweka kidole. "Hapa. Ujauzito: hapana. Mwambie nilimuuliza. Siku ile ile nilimuuliza akatikisa kichwa."

Mikono yangu ikampelekea Pindo maneno hayo yote. Ilifanya kazi vizuri, hiyo ndiyo ajabu. Ilikuwa imepumzika.

Pindo akakunja uso. "Hukuniuliza," alisema.

"Hukuniuliza," nikasema.

"Mwambie nilimuuliza."

"Ningewezaje kusema hapana? Mtoto huyu nimemsubiri miaka sita. Ungeniuliza ningecheka."

Niliyatamka hayo kwa mdomo wangu. Mtoto huyu nimemsubiri miaka sita. 

Daktari akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. "Sikiliza," aliniambia, na sasa alikuwa amelainika, "wagonjwa husahau. Pengine siku ile alikuwa na woga. Simlaumu. Mwambie tutaandika kwamba alisahau, tusipoteze muda, tuangalie tunafanya nini."

Mlango ukawa umefunguka mbele yangu, wazi kabisa. Faili lilikuwa upande wangu. Daktari alikuwa upande wangu. Sentensi moja tu ya mikono, na mimi ningerudi nyumbani kumalizia siku zangu ishirini, Ratiba angepata mtu wake wa pili, na viziwi wote wa hospitali ile wangehudumiwa vizuri zaidi. Niliyawaza yote hayo. Msidhani hayakupita kichwani.

Na nikaitafsiri. "Watu husahau," mikono yangu ilimwambia Pindo. "Tutaandika kwamba ulisahau."

Pindo hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitazama vidole vyake, vidole vya fundi vyenye vitobo vya sindano, na nikaona anaanza kujitilia shaka.

"Labda," alisema polepole. "Siku ile nilikuwa nawashwa sana. Labda niliulizwa sikuona." Kisha akaniinulia uso. "Wewe ulikuwepo, mdogo wangu. Niliulizwa?"

Daktari akasubiri nimtafsirie. "Anasemaje?"

Nikasema kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, jambo ambalo hatulifanyi kwa sababu lugha mbili hugongana. Zigongane.

"Hukuulizwa. Daktari aliuliza, mimi sikukufikishia. Kichwa changu kilikuwa kimezima kwa uchovu, nikaona haya kuomba arudie. Nikakuuliza kama una swali. Ulitikisa kichwa kwa hilo. Kosa ni langu, dada. Wewe hukusahau kitu. Na leo nyumbani nilijua, sikukwambia."

Daktari aliweka kalamu mezani.

Pindo aliitazama mikono yangu mpaka iliposimama. Akaendelea kuitazama hata baada ya kusimama, kama vile kuna sentensi nyingine inakuja itakayoigeuza ile ya kwanza. Haikuja.

Nikajiandaa kwa kofi. Kwa kilio. Kwa yale matusi aliyonifundisha mwenyewe.

Akafumba macho.

Wenye masikio hamwezi kujua maana yake. Nyinyi mkikasirika, maneno bado yanaingia mpende msipende. Kiziwi akifumba macho, amefunga mlango na kutia komeo. Nilimsemesha, nikiongea na kope. "Dada. Dada, nisikilize." Nilimgusa bega kama tunavyoitana. Akaliondoa bega lake, bado amefumba, mikono yote miwili amefunika tumbo.

Nyuma yangu daktari alikuwa ameshika simu ya mezani. Aliongea na chumba cha picha za ultrasound, akauliza mara mbili, akashukuru, akaiweka chini.

"Wanamchukua sasa hivi," alisema. "Lakini kabla hajaingia kule kuna jambo lazima alijue, na uamuzi ni wake, si wangu wala wa mumewe. Sikiliza vizuri, mkalimani, kisha umwambie yote, usipunguze."

Akaniambia. Lilikuwa na sehemu tatu: dawa ile inaweza kumdhuru mtoto vipi, picha itaonyesha nini na haitaonyesha nini, na kwamba akishajua ni yeye wa kuamua kama ataibeba mimba hiyo au la. Safari hii hakuna hata neno lililonipita.

Muuguzi alikuwa ameshafungua mlango na kiti cha magurudumu. Nikapiga magoti mbele ya Pindo, nikainua mikono, jambo lile lote likiwa ndani yake.

Hakufumbua macho.